Guni

Kwa vidole nahesabu, mizani ya mashairi,
Miaka bila taabu, nane nane kwa uzuri,
Aliyekosa jawabu, wino mwekundu tayari,
Leo moyo waharibu, waruka

Ulianza Marikiti, nikichagua nazi.
Kifuani kuku, kafungwa miguu, yumo kapuni,
akapigapiga mbawa, akatulia,
akapiga tena kabla sijalipa.
Muuzaji akanipa kigoda na dafu.
Bi Thureya, jirani yangu, akasema ni jicho.
Kombe nikalinywa, na Makadara nikaenda;
sikusikia vikigombana tumboni.

Kijana wa mashine akanibandika vibandiko,
waya kumi, jeli ya baridi,
karatasi ikatoka ina miraba myekundu
rangi ya kalamu yangu ya kusahihishia.
Mapigo mawili yamebanana,
kisha uwanja mtupu,
kisha matatu kwa mpigo, kama wanafunzi
waliochelewa wakaingia pamoja.

"Guni," nikasema.
Akacheka. "Ndivyo ulivyoniambia hata mimi,
Mwalimu Mishi."
Ngowa. Kidato cha pili, dawati la nyuma.

Daktari Nyevu alichora moyo nyuma ya fomu:
vyumba viwili juu, viwili chini.
"Vya juu havikamui tena, vinatetemeka tu.
Damu ikisimama pembeni huganda,
na donge dogo likipanda ubongoni, ndicho kiharusi."
Kisha akaniuliza kuhusu koo.
Koo?
"La utotoni. Homa, viungo kuvimba."

Kibokoni. Nina miaka tisa.
Magoti yamefura kama maandazi,
mama ananikanda kwa mafuta ya nazi,
ndimu, asali, na Jumatatu nikarudi shule.
Homa iliondoka. Kumbe imeng'ata vali,
kimlango cha ndani kikabaki hakifunguki chote,
na damu miaka hamsini na mitatu
ikakisukuma kwa bega.
Na mimi, nikiishiwa na pumzi ngazini,
nikijiita mvivu.

Nikapewa vidonge vya kuizuia damu isigande ovyo,
na kitabu kidogo cha tarehe za kupimwa.
"Niache mchicha?"
"Usiache. Kula kiasi kile kile kila wiki.
Ukizidi, dawa inashindwa. Ukipungua, dawa inazidi nguvu."
"Mizani," nikasema.
"Ehe, mizani," akasema,
asijue kwa nini macho yamenilowa.

Ngowa nilimkuta anakunja waya zake.
Nilikukata alama ngapi?
"Nane, Mwalimu."
Mstari wa kwanza unaukumbuka?
Akausoma, karatasi ya moyo wangu mkononi mwake,
kama kwamba umeandikwa pale:

*Baba hakuja jana.*

Vidole vyangu vikahesabu vyenyewe. Saba.
Nami nikakumbuka nilivyofuta,
nikaandika juu yake kwa wino ule: *hakurudi*.
*Baba hakurudi jana.* Nane kamili.
Nilijiona fundi.

"Lakini kurudi, Mwalimu," akasema,
bila kisasi, akitafuta mwisho wa waya mmoja,
"ni kwa aliyekuwapo."

Nje, barazani kwa wagonjwa,
mtu anaitwa jina mara tatu na haitiki,
mtoto analilia biskuti,
nami vidole viwili nimeviweka
penye kifundo cha mkono, nasikiliza.
Pigo. Pigo.
Pigo pigo.

            Pigo.
Pigo,

pigo.
Sikutia la nane.